Rangi za Unga kwa Maua ya Sukari: Vikopo 12 Kutoka Duka Moja la Mwanza

Kwa muda wa miezi minane nimekuwa nikiyapaka maua yangu ya sukari rangi za unga kutoka katika seti ya vikopo 12 niliyoinunua kwa shilingi 78,000 katika duka moja la vifaa vya keki katikati ya jiji, si mbali na Makoroboi. Kila kikopo kina gramu 4, kiasi ambacho mtu aliyezoea rangi ya jeli anaweza kukidharau, lakini waridi moja kubwa halimalizi hata ncha ya kijiko cha chai, na kikopo cha waridi nilichokitumia kuliko vyote bado kina nusu. Vikopo tisa ni vya rangi zisizong'aa na vitatu ni vya rangi za kumetameta. Makundi hayo mawili siwezi kuyapa alama moja.

Rangi zisizong'aa ni nzuri kweli. Unga wake umesagwa laini kiasi kwamba hauachi punje juu ya petali, na unachanganyika vyema na wanga wa mahindi pale ninapotaka kuufifisha. Nilizijaribu barabara kwenye keki ya bibi harusi mmoja mwenye asili ya Ukerewe, aliyekataa waridi akataka mayungiyungi ya buluu, kama yale anayoyakumbuka kwao kwenye maji yaliyotulia nyuma ya matete. Ua hilo halina buluu moja: ncha za petali zimekolea kuelekea zambarau, kadiri unavyoshuka rangi inapauka hadi kukaribia weupe, na moyo wake ni wa manjano. Nilianza na manjano ya ndani, kisha nikapaka buluu kwa brashi bapa kutoka ukingoni kuelekea katikati, kila mara nikiifuta brashi kwenye karatasi laini kabla ya kuligusa ua, kwa sababu unga uliozidi ukishadondoka juu ya petali nyeupe hauondoki bila kuacha doa. Buluu ya seti hii ikiwa peke yake hufanana na wino wa kalamu, kwa hiyo niliichanganya na zambarau kidogo. Kwa mazoezi niliwahi kutengeneza hata ua la gugumaji, lenye doa la manjano lililozungukwa na buluu kwenye petali ya juu. Ni ua zuri mno, ingawa sidhani kama yupo bibi harusi wa kandokando ya Ziwa atakayekubali kuliona kwenye keki yake.

Kijani ndicho kilichoniudhi. Kinang'aa kama jani la plastiki, na sijawahi kukitumia bila kukitia kahawia.

Maelezo yaliyokuja na seti yanasema ua liachwe usiku mmoja likauke kabla ya kupakwa. Kwa Kirumba, ninakoishi, ushauri huo unafaa wakati wa kiangazi tu. Udongo wa maua hutengenezwa kwa sukari laini, ute wa yai na gundi ya chakula iitwayo CMC, na sukari hunyonya unyevu wa hewani. Kati ya Machi na Mei petali zangu hubaki na ubichi hata siku ya pili, na petali yenye ubichi hudaka rangi kwa mabaka. Siku hizi ninayafungia maua kwenye kasha pamoja na vipakiti vya kukaushia vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, bila kuviacha viyaguse, na kamwe siyaweki kwenye friji. Baada ya kupaka, ninalipitisha ua juu ya mvuke wa birika kwa sekunde mbili au tatu ili rangi ishike. Mvuke huikoleza rangi, hivyo ni busara kupaka hafifu kuliko unavyokusudia, na ukizidisha sekunde chache tu petali huanza kulainika na kunata.

Kwa mistari myembamba, rangi hizi huyeyushwa kwa pombe kali, ambayo hukauka upesi kuliko maji. Nilitumia Konyagi, na kwa tone moja moja ilinifaa, ingawa ina asilimia 35 tu ya kileo na sehemu kubwa iliyobaki ni maji, ambayo huimumunya sukari ukichelewesha brashi. Wateja wangu Waislamu hupakiwa unga mkavu pekee.

Sasa nizungumzie vikopo vitatu vya kumetameta: dhahabu, fedha na shaba. Vile tisa vina orodha ya viambato, zikiwamo namba za rangi za chakula kama E102 na E133, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hivi vitatu vimeandikwa tu kwamba havina sumu na ni vya mapambo. Nilipouliza dukani, muuzaji alinijibu kwa upole, "Dada, wote wanatumia hiyo hiyo na hakuna aliyerudi kulalamika." Lakini hata chaki ya shule huuzwa kwa maneno hayo ya kutokuwa na sumu, na hakuna anayeila. Nchini Marekani, taarifa ya mwaka 2021 ya taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa ilieleza jinsi watoto walivyodhurika katika majimbo ya Rhode Island na Missouri, mwaka 2018 na 2019, baada ya kula keki zilizopambwa kwa unga wa namna hii usiokusudiwa kuliwa. Katika jimbo moja kilichodhuru kilikuwa madini ya shaba, katika lingine madini ya risasi. Kuviuza vikopo hivyo ndani ya seti moja na rangi za chakula, bila neno la tahadhari, ni kosa ambalo bei nafuu hailifidii.

Duka limekubali kuniuzia vikopo kimoja kimoja kwa shilingi 7,000, nami nimeagiza waridi, manjano na zambarau. Kikopo cha dhahabu nimekifunga utepe mwekundu, nikakiweka kwenye rafu ya keki za boksi za maonyesho, mbali na sukari.