Vipakiti vya kulinda gitaa na ukavu wa majira ya baridi: uzoefu wangu

Nianze na jibu, kwa wale wanaotaka kujua tu kama wanunue au wasinunue. Kama gitaa lako la akustika ni la mbao halisi, lina kasha gumu, na uko tayari kulirudisha ndani na kufunga kifuniko kila ukimaliza kupiga, nunua vipakiti vya unyevu vya asilimia 49, yaani vile vinavyoshikilia unyevu wa ndani ya kasha karibu na kiwango hicho. Vinafanya kazi. Kama gitaa lako linaning'inia ukutani usiku na mchana, tunza pesa yako, maana hakuna kipakiti kitakachoweza kulowesha hewa ya chumba kizima.

Ninavyovizungumzia ni vile vya Boveda, ambavyo D'Addario nao wanaviuza kwa jina la Humidipak pamoja na vimifuko vyake vya kitambaa. Kabla ya hapo nilikuwa natumia kibomba cha sponji iliyoloweshwa maji, nitakigusia mbele, ila hivi ndivyo vilivyobaki kwenye kasha langu.

Watu wengi hudhani hita ndiyo inayokula unyevu wa nyumba. Siyo hivyo. Hewa ya baridi haiwezi kubeba maji mengi: kwenye digrii 0, mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba unyevu ina takriban gramu 5 tu za mvuke. Hewa hiyohiyo ikiingia ndani ikapashwa moto hadi digrii 20, sasa ina nafasi ya kubeba kama gramu 17, na hakuna aliyeiongezea hata tone. Hapo unyevu, yaani mvuke uliopo ukilinganishwa na ule ambao hewa ingeweza kubeba, umeshashuka chini ya asilimia 30. Nje kukiwa digrii 10 chini ya sifuri, hesabu inakwenda chini ya 15. Kupika, kuoga na kupumua kwetu kunarudisha kidogo, lakini hewa inabaki na kiu, na inanyonya popote inapopata: midomo yako, ngozi yako, gitaa lako. Watengenezaji kama Martin na Taylor wanataka gitaa likae kwenye asilimia 45 hadi 55. Ukiwasha hita wiki nzima bila kufanya lolote, uko mbali sana na hapo.

Dalili ya kwanza utaisikia mkononi kabla ya kuiona. Pitisha kidole taratibu ukingoni mwa shingo, upande wa nyuzi nyembamba. Gitaa lenye afya ni laini mwanzo hadi mwisho. Lililokauka linakukwaruza, kwa sababu mbao hunywea kwa upana wake, si kwa urefu, na freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, hazinywei. Ubao wa vidole, ule wa shingo unaobeba freti, unarudi ndani, ncha za freti zinabaki nje zikichoma. Fundi anaweza kuzipiga tupa, lakini usikimbilie huko. Likirudishiwa unyevu wake, mara nyingi ncha zinazama zenyewe, na fundi aliyezipunguza mapema amepunguza chuma ambacho hakikuwa na kosa.

Dalili ya pili ni nyuzi kushuka na kuanza kuvuma kwa kugusa freti wakati hujagusa chochote. Ubao wa juu wa gitaa nyingi haukutengenezwa bapa kabisa, una kijinundu kidogo. Ukikauka unalala, daraja linaloshikilia nyuzi linashuka nao, na nyuzi zinakaribia shingo. Chukua rula iliyonyooka, ilaze kwa upana nyuma ya daraja. Ikichezacheza kushoto na kulia juu ya kinundu, uko salama. Ncha zake zikigusa mbao huku mwanga unapita chini katikati, gitaa lina kiu kali, na hatua inayofuata ni ufa. Ufa hutokea kwa sababu ubao wa juu umegundishwa kwenye mihimili ya ndani ambayo imepita kinyume na mkondo wa mbao. Ubao unataka kunywea, mihimili haiuachii, basi unapasuka kufuata mkondo wake.

Wenye magitaa ya mbao za tabaka, yaani mbao nyembamba zilizogundishwa pamoja, wana ahueni, kwa kuwa tabaka zinapishana na kuzuiana. Lakini ubao wa vidole kwa kawaida ni kipande kizima, kwa hiyo habari ya freti kuchoma inawahusu pia.

Sasa, kabla ya kipakiti chochote, nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali cha kukaa ndani ya kasha. Halafu usikiamini. Vipimo vya bei nafuu vinatofautiana vibaya mno, na kukipima chenyewe ni kazi ya chumvi ya jikoni. Chukua kifuniko cha chupa, kijaze chumvi, dondoshea maji hadi ilowe yote bila kuyeyuka. Kiweke pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika bila kupitisha hewa, uache hadi kesho yake mahali ambapo joto halibadilikibadiliki. Ndani ya mfuko huo unyevu utatulia kwenye asilimia 75, kwa kuwa ndiyo tabia ya chumvi hiyo. Changu kilisoma 81. Nikabandika utepe mgongoni mwake nikaandika "toa 6", na tangu hapo tunaelewana.

Jaribio hilo ndilo pia lililonifanya nielewe vipakiti hivi vinafanyaje kazi, maana siri ni ileile. Ndani kuna maji mazito yenye chumvi, yamefungwa kwenye utando unaopitisha mvuke lakini haupitishi maji. Kila mchanganyiko wa chumvi una kiwango chake unachokishikilia, na huu umepangwa kushikilia 49. Hewa ya kasha ikishuka chini ya hapo kipakiti kinatoa mvuke, ikipanda kinaumeza. Kibomba cha sponji hakina akili hiyo. Kinajua kutoa tu, na ukikijaza kupita kiasi hakuna cha kukizuia, tena usipokikamua na kukifuta vizuri kinaweza kudondosha maji ndani ya mwili wa gitaa. Kwa mtu makini kinafaa na ni rahisi sana kwa gharama, sikatai. Mimi nilichoka kukikumbuka.

Kufunga ni kazi ya dakika. Vipakiti viwili vinaingia kwenye kimfuko cha kitambaa kinachopandia nyuzi za katikati na kuning'inia ndani ya tundu la sauti, kimoja kila upande. Cha tatu kinakaa kwenye kimfuko chake karibu na kichwa. Usivitumie vitupu vikagusana na vanishi. Na angalia namba unaponunua: kampuni hiyo inatengeneza pia vya sigaa (zile sigara nene), vyenye asilimia 65 na kuendelea, kwa umbo linalofanana. Ukiviweka hivyo kwenye gitaa utakuwa umehama kutoka ukavu kwenda kwenye uvimbe.

Matokeo kwangu: chumba kikisoma 24, ndani ya kasha kunasoma kati ya 46 na 48, nikishatoa zile 6. Haifiki 49 kamili na sitegemei ifike, kwa sababu kasha linavuja. Lipime kasha lako kwa karatasi: funga kifuniko kikiwa kimebana ukanda wa karatasi, kisha uvute. Ukanda ukitoka bila kubishana, hapo ndipo unyevu unapopitia. Hii ndiyo sababu begi laini la kitambaa si mahali pa vipakiti hivi. Vitafanya kazi kweli, ila vitakuwa vinaihudumia nyumba, na vitakwisha upesi mno.

Na kwisha ndiko kunakonikera. Hakuna alama yoyote inayokuambia kipakiti kimefikia mwisho. Inabidi uvitoe mara kwa mara na kuvibonyeza kwa vidole. Kikiwa kizima kinateleza ndani kama kina jeli. Kikianza kuwa na punje pembeni bado kipo kazini. Kikishakuwa kigumu chote hadi katikati, kitupe. Kwenye baridi kali vinaisha haraka kuliko unavyotegemea, hivyo ni gharama inayojirudia kila msimu, na mwenye magitaa manne ataisikia. Nimeona watu wakishauriana kuviloweka ili vifufuke. Mimi sifanyi hivyo, kwa sababu ukibadilisha kiasi cha maji kwa kukisia huna tena uhakika kwamba kipakiti kitashikilia 49, na uhakika huo ndio niliokuwa naununua.

Mashine ya kuongeza unyevu chumbani? Kwa mwenye magitaa mengi ukutani ndiyo njia pekee yenye maana, lakini ina masharti yake. Zile za mawimbi ya sauti ukizitilia maji ya bomba yenye madini zinamwaga vumbi jeupe juu ya kila kitu, kwa hiyo zinataka maji yaliyokenekwa. Na nje kukiwa na baridi kali, kuipandisha nyumba hadi 45 kunafanya vioo vya madirisha vitoke jasho, maji yanatiririka kwenye fremu, kisha ukungu unaota. Kasha ni dogo, linafungika, halina madirisha. Ndiyo maana nimeamua kulinda kasha, si chumba.

Nikiri hasara moja ambayo haiandikwi kwenye pakiti: gitaa lililofungiwa hupigwa mara chache. Likiwa ukutani unalichukua ukipita tu, unagonga kordi mbili tatu, unaendelea na safari yako. Likiwa kwenye kasha, lazima uamue. Mimi nimeacha gitaa la mbao za tabaka ukutani kwa kazi hiyo, na lile la mbao halisi linatoka likiwa na miadi.

Jambo jingine kwa wanaotoka na gitaa kwenda mazoezini wakati wa baridi: ukiingia ndani usilifungue kasha hapohapo hata kama wenzako wameshaanza. Liache lipate joto taratibu likiwa limefungwa, kwa sababu vanishi iliyo baridi sana ikikutana ghafla na joto inaweza kuchanika mistarimistari, na mistari hiyo haifutiki.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya kukosa alama ya kwisha, na gharama imechangia. Hita zikizimwa na joto kurudi, siviondoi. Unyevu ukipanda kupita 49 vinaanza kumeza badala ya kutoa, na vile vilivyokuwa vimeanza kukakamaa vinalainika tena vyenyewe.