ssh na rsync kwa mtandao wa Lamu: uzoefu wangu

Kazi yangu hapa Lamu ni kutunza kompyuta za nyumba za wageni, nyingi zikiwa Mkomani na Shela. Orodha za wageni, risiti na picha za vyumba hukaa kwenye kompyuta ya mapokezi, na kila usiku skripti ya sheli (faili la amri zinazojiendesha zenyewe) hupeleka nakala kwenye seva tuliyokodi Frankfurt, Ujerumani. Kazi yote inafanywa na programu mbili za bure: ssh, inayofungua njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, na rsync, inayonakili mafaili. Nimeamua kuzieleza kwa sababu maelekezo mengi yanayozagaa yameandikwa na watu ambao mtandao wao haukatiki.

Nianze na ssh. Aliyeitengeneza mwaka 1995 ni Tatu Ylönen wa Finland, baada ya wadukuzi kunasa manenosiri kwenye mtandao wa chuo kikuu alichokuwa, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki. Tunayoitumia wengi leo ni OpenSSH, iliyotolewa 1999 na watu wa OpenBSD, mfumo endeshi wa bure. Kwa mtu wa skripti, uzuri wake mkubwa ni kwamba ikishindwa haikufichi. Amri ikitekelezwa kule Frankfurt, namba ya matokeo inayorudi ni ya amri yenyewe. Muunganisho ukishindikana, inarudi 255. Kwa hiyo skripti yangu inatofautisha kati ya seva iliyojibu kwamba diski imejaa na seva ambayo haikufikiwa kabisa. La kwanza linaniletea ujumbe usiku huohuo. La pili linangoja dakika kumi na kujaribu tena bila kumwamsha mtu.

Udhaifu wake unaonekana pale mtandao unapokufa kimyakimya, na hapa kwetu ndivyo unavyokufa mara nyingi. Mvua za kusi zikipiga au stima ikipotea, modemu inaendelea kuonyesha ishara lakini data haipiti. Ssh ikiachwa ilivyo haiulizii kama upande wa pili bado upo, hivyo inaweza kukaa muda mrefu ikingoja jibu lisilokuja. Cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, ikianzisha skripti nyingine kabla ile ya kwanza haijaisha, mambo yanavurugika. Mistari hii kwenye ~/.ssh/config, faili la mipangilio ya ssh, imenitosha:

Host frankfurt
  BatchMode yes
  ConnectTimeout 20
  ServerAliveInterval 15
  ServerAliveCountMax 3

Zikipita sekunde 15 bila kusikia kitu, inauliza. Isipojibiwa mara tatu mfululizo, inakata. BatchMode inaizuia kudai nenosiri, maana saa nane za usiku hakuna wa kuliandika, kwa hiyo lazima utumie ufunguo, yaani faili la siri linaloshika nafasi ya nenosiri. Kuhusu cron, tanguliza flock -n, amri ya kufuli, mbele ya skripti, na mbili hazitakutana tena.

Kuna ushauri mmoja unaosambaa ambao naupinga kwa nguvu zangu zote: kuweka StrictHostKeyChecking no ili skripti isisimame kuuliza. Ukifanya hivyo, ufunguo wa seva (alama inayoitambulisha) ukibadilishwa na mtu aliyejiingiza katikati, skripti haitasimama. Tumia accept-new. Seva mpya itakubaliwa mara ya kwanza, lakini iliyobadilika itakataliwa. Haya ni majina na namba za pasi za watu waliotuamini.

Jambo jingine linalowasumbua vijana wanaojifunza kwangu ni ssh ndani ya kitanzi cha while read, kinachorudia amri kwa kila mstari wa faili. Unakipa faili lenye majina ya nyumba kumi, inashughulikiwa ya kwanza tu, kisha kimya, wala hakuna kosa linaloonyeshwa. Sababu ni kwamba ssh inasoma ingizo lilelile la kitanzi na kuyameza majina yaliyobaki. Andika ssh -n, na kitanzi kitafika mwisho.

Sasa rsync, ambayo kwangu ndiyo yenye thamani zaidi. Ilitolewa 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Faili likiwa tayari liko kule, upande unaopokea unaligawa vipande na kutuma alama za kila kipande. Upande wetu unalinganisha, kisha unapeleka yaliyobadilika tu. Kwa anayelipia bando, hii ni pesa halisi. Lakini angalia unachokipeleka. Ukibana faili la hifadhidata kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa mafaili, kwanza, badiliko dogo mwanzoni linaweza kugeuza karibu yote yanayofuata, na rsync haipati cha kulinganisha. Mimi naliacha wageni.sql bila kubanwa, na -z inabana njiani. Picha za JPEG zimeshabanwa tayari, -z haizisaidii.

rsync -az --partial-dir=.rsync-partial --timeout=60 --bwlimit=100 /srv/nyumba/ frankfurt:nakala/

Wengi huandika --partial peke yake. Hiyo huacha faili nusu mahali pa faili zima, na siku ya kuhitaji nakala ndiyo siku utakayoligundua. --partial-dir inaweka nusu hiyo pembeni, na jaribio linalofuata linaendelea kutoka hapo. --bwlimit nimeiweka kwa ajili ya wiki ya Maulidi, mji unapojaa na kila mtu yuko hewani. Kilobaiti 100 kwa sekunde zinawaachia wageni nafasi.

Mzee mmoja mwenye nyumba Mkomani kila asubuhi huniuliza, "Mwanangu, vitabu vyangu vimefika Ulaya?" Kwa ajili yake skripti huandika mstari mmoja wa Kiswahili kwenye kioo cha mapokezi: imefika, au haijafika, pamoja na saa. Rsync ikikata kwa kungoja mno hurudisha namba 30, na skripti huandika "mtandao ulilala, tunarudia." Siku hizi anausoma mwenyewe.

Nikiwa naandika amri kwa mkono natumia mosh, programu nyingine ya kuingia kwenye seva ya mbali, kwa sababu haikatiki ninapotoka kwenye wifi kuingia kwenye bando. Kwa skripti haifai.

Nyota ninazozipa programu hizi mbili ni nne kati ya tano. Ya tano naishikilia kwa sababu ya jumbe za makosa za ssh: inakwambia muunganisho umefungwa na upande wa pili, basi, bila kusema kwa nini. Ukikwama hapo, ongeza -v, inayoifanya ieleze kila hatua, na usome mistari ya mwisho kabla ya kukatika.