Flint Animal Cancer Center, Fort Collins: mbwa wako akiwa na kansa mpeleke hapa

Nyota 5, nazitoa kwa moyo mmoja.

Waswahili wenzangu mlioko Colorado na mnafuga mbwa, hii ni hospitali ya kansa ya wanyama, iko Chuo Kikuu cha Colorado State. Rotwaila wetu Popi alianza kuchechemea mguu wa mbele, kliniki moja huku mtaani wakasema ni uzee tu wakampa dawa ya maumivu, ila pale juu ya kifundo pakazidi kuvimba, ukipagusa analia, kuja kupiga eksirei ni kansa ya mfupa.

Fort Collins dokta alikaa sakafuni na Popi, akawa anaupapasa ule mguu taratibu huku anatueleza bila kuficha kitu, kwamba hii kansa inapenda kukimbilia mapafuni, mguu ukikatwa na kemo (dawa za kuua kansa) ikafuata anaongeza muda, ila wanaopona kabisa ni wachache. Akatuuliza kama tungependa aingie kwenye utafiti wa dawa. Wife akashtuka, yani Popi ndo wa kujaribishiwa? Kumbe matibabu yake ya kawaida anapata kama kawa, dawa ya utafiti inaongezwa tu, fomu unaisoma ndo unasaini na ukitaka kumtoa unamtoa. Sa hivi ana miguu mitatu na mpira anaukimbilia vizuri tu.

Na jamani faida ya hizi tafiti inafika hadi kwa watoto wetu. Kansa hiyohiyo inakamata watoto na vijana, hasa umri wa kurefuka, ila kwa mwaka ni wachache mno kwa utafiti kwenda haraka, wakati mbwa wanaougua Marekani ni maelfu. Panya wa maabara wanapandikizwa kansa, mbwa anaugua mwenyewe, tunalala naye nyumba moja tunavuta hewa moja, na maisha yake ni mafupi kwa hiyo majibu yanaonekana mapema. Hapohapo timu ya daktari wa mifugo Dk. Stephen Withrow iliendeleza kwa mbwa upasuaji wa kutoa mfupa mbovu bila kukata mguu, madaktari wa binadamu wakafaidika. Hata mifamurtide, dawa ya hii kansa ya mfupa, iliwaongezea mbwa maisha kwanza, ndo Ulaya wakairuhusu kwa watoto na vijana 2009.

Hela ulizia mapema, utafiti unaweza kulipia sehemu tu. Na tafadhali msianze kemo kwingine kabla hamjawapigia, tafiti nyingi hazichukui mbwa aliyeshatibiwa.