Mashine ya kukanda macho ya Kariakoo: wiki sita, namba ya miwani imeshuka?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo sina simu wala blenda mezani, nina hii hapa. Mnaiona? Imekaa kama miwani ya wapiga mbizi, ila nyeusi na haina kioo. Ni mashine ya kukanda macho. Nimeinunua Mtaa wa Kongo, shilingi 85,000, baada ya kuvutana sana, maana bei ya kwanza ilikuwa laki na ishirini. Muuzaji, kijana mchangamfu kweli, aliniangalia usoni akasema, "Kaka, damu haifiki vizuri kwenye macho yako. Mwezi mmoja tu na hii, hiyo miwani unaitupa." Ndani ya boksi kuna karatasi ya mazoezi: zungusha macho, tazama kidole halafu tazama mbali, funika macho kwa viganja.

Mimi navaa -2.75 macho yote mawili, yaani mbali sioni vizuri. Nilipima upya kabla ya kuanza, nisije nikajidanganya. Wiki sita, kila jioni: dakika 15 mashine, dakika 10 mazoezi.

Nianze na raha yake, sitaki kuionea. Ukiivaa inapata joto taratibu, vifuko vya hewa vinajaa, vinaminya kwenye kona za macho na kwenye paji, halafu vinaachia. Umetoka kusota kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, kichwa kinagonga, wewe... nimelala nayo mara mbili. Kinachoudhi ni pampu, inalia kama mbu mkubwa, na kuna sauti za ndege humo ndani hazizimiki.

Kuona je? Wiki ya pili nilipiga kelele sebuleni: naisoma kalenda ya ukutani bila miwani! Mpwa wangu wa miaka tisa akanitazama. "Anko, si umeizoea?" Akafunua mwezi mwingine, akauliza tarehe 1 ni siku gani. Nikakwama.

Sikuwa nimeota kabisa, lakini. Misuli midogo ya ndani ya jicho inayokaza ili lenzi inenepe ukisoma karibu hulegea ukipumzika, na joto husaidia mafuta ya kope kutoka, machozi yanatandaa vizuri. Jicho lililochoka linachangamka. Ila kutoona mbali kwenyewe, mara nyingi, ni suala la jicho kuwa refu mno kutoka mbele kwenda nyuma. Mmeshawahi kuona projekta ya kuonyeshea mpira mtaani? Isogeze mbali na ukuta bila kurekebisha lenzi, picha inafifia. Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24. Ikizidi milimita moja, namba inapanda kwa karibu 2.5 mpaka 3. Sasa niambie, damu itapunguzaje milimita hiyo? Wala kuzungusha macho hakuirudishi.

Na wazo lenyewe si geni. Daktari William Bates wa New York aliliandikia kitabu mwaka 1920, akidai misuli ya nje ndiyo inayobadilisha umbo la jicho na kwamba ukiilegeza unatupa miwani. Alifika hadi kushauri watu watazame jua! Msijaribu, jua linaunguza retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. China nako, wanafunzi wanakanda macho darasani tangu 1963. Takwimu za serikali yao za 2018 zilikuta 81% ya wanafunzi wa sekondari ya juu hawaoni mbali.

Nikarudi kupima. -2.75. Kulia na kushoto.

Mimi la kuzuia limenipita, lakini huyu mpwa ameanza kukunja macho akitazama televisheni, na huyo ndiye aliyenifanya nisome zaidi. Guangzhou, huko huko China, waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa 30.4%, na wale wa ratiba ya kawaida 39.5%. Mwanga wa nje, jamani, na sisi tunao wa bure! Yule aliyekwisha anza, kuna matone ya dawa iitwayo atropini, ya nguvu ndogo, yanayopunguza kasi ya namba kupanda, lakini hayo ni ya daktari wa macho, si ya kununua juu juu. Sisi tumeanza na kupima, na jioni anatolewa nje na mpira wake, tableti inabaki ndani.

Kwa hiyo ukiitaka kwa uchovu na usingizi, 85,000 si pesa mbaya. Kwa namba ya miwani, zero. Na mwenye presha ya macho, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, au mwenye namba kubwa sana, asiiguse kabla ya kumuona daktari. Retina ya jicho refu imevutika, haihitaji kuminywa.

Yangu sinayo tena. Hii nimeiazima kwa mama kwa ajili ya video, na ameshapiga mara mbili kuuliza inarudi saa ngapi.