Sahani za Buluu za Staffordshire: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiache

Anayeanza kutafuta sahani za kale za buluu zenye picha za historia, zile za Staffordshire, Uingereza, za kati ya 1818 na miaka ya 1840, huuliza kwanza nani alizitengeneza. Mimi huangalia picha. Kiwanda kimoja, udongo uleule, lakini sahani yenye ngome ya Uingereza bei yake inavumilika, na yenye mandhari ya Marekani inapaa. Vita vya 1812 hadi 1815 kati ya Uingereza na Marekani vilipokwisha, wafinyanzi wa Uingereza waliwachapia Wamarekani miji na mashujaa wao, hata wale waliowatimua Waingereza wenyewe. Biashara haina kinyongo. Wamarekani ndio wanaozigombania mnadani hadi leo.

Nafasi ya kwanza naipa sahani ya chakula ya James na Ralph Clews wa Cobridge, inayoonyesha Jenerali Lafayette, Mfaransa aliyewapigania Wamarekani katika vita vyao vya uhuru, akiwasili Castle Garden, New York, tarehe 16 Agosti 1824. Ni picha ya Marekani, buluu yake imekolea, na ilitengenezwa kwa wingi kiasi kwamba bado inapatikana. Kwa sababu hiyo usikubali yenye ufa. Ngoja, nyingine itakuja.

Ya pili ni mandhari za Uingereza za Enoch Wood & Sons wa Burslem, hasa zile zenye majani ya mizabibu ukingoni: majumba ya mabwana, mito, ngome. Ufundi ni uleule na mkoba hauumii. Kama hujali Marekani, hii ndiyo namba moja yako.

Ya tatu ni Clews tena, sahani zenye majina ya majimbo 15 ya Marekani ukingoni. Nzuri mno, ila wauzaji wanalijua hilo. Ya nne ni sahani za Thomas Mayer zenye nembo za majimbo ya Marekani. Hizo waachie wenye uwezo, hasa masinia.

Mwisho kabisa ni sahani za ukumbusho zilizoingizwa Marekani na Rowland & Marsellus mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na zile za Johnson Brothers za miaka ya 1930. Nunua ukizipenda, lakini kwa bei ya ukumbusho. Kuna wauzaji wanaoziita za kale huku macho yao yakitazama pembeni.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Geuza sahani. Ukiona neno England, ujue kwa kawaida ni ya 1891 au baadaye, kwani sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ndiyo iliyolazimisha bidhaa kutaja nchi zilikotoka. Kutokuwepo kwa neno hilo, hata hivyo, hakuthibitishi uzee. Tafuta muhuri uliodidimizwa kwenye udongo wenyewe, kisha alama ndogondogo za vigingi vilivyoishikilia sahani ndani ya tanuri. Halafu kagua ukingo kwa makini. Picha ilichongwa kwenye bamba la shaba, ikapakwa wino wa buluu wa kobalti, ikahamishiwa kwenye karatasi laini, na karatasi ikabandikwa kwa mkono juu ya udongo uliokwisha kuchomwa mara moja. Mkono wa binadamu haukosi kuteleza: maua ya ukingoni mara nyingi hayakutani sawasawa, na kiungo cha karatasi kinaonekana. Hiyo si kasoro ya kukupunguzia bei. Mimi hufurahi nikiiona.

Ufa ni habari nyingine. Iweke sahani juu ya ncha za vidole na uigonge taratibu kwa kucha. Nzima hulia, yenye ufa hutoa sauti butu. Tochi ya mwanga wa urujuanimno husaidia kufichua viraka vilivyopakwa rangi. Kama unanunua mtandaoni, dai picha ya mgongo na ya ukingo mzima, na anayekataa kuzituma mwache na sahani yake.

Ukishainunua usiilie chakula, maana rangi yake ya juu inayong'aa ilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Madoa ya kahawia usiyatoe kwa dawa ya klorini, huharibu mng'ao huo. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na kitambaa vinatosha.