King'ora cha kuvuta pini: kimenifaa, ila si kwa sababu iliyoandikwa kwenye boksi

Usiku nilipokabwa sikupiga kelele. Watu wameniuliza sana, "Kwa nini hukupiga mayowe?" Jibu ni kwamba sauti haikutoka. Mkono ulinizunguka shingoni kutoka nyuma, mwingine ukazama mfukoni, koo likakauka kama limezibwa na pamba. Kabla sijavuta pumzi ya pili yameshaisha. Simu imekwenda, funguo zimeanguka, na mimi nimesimama palepale natetemeka, mdomo wazi. Hofu ya ghafla ikimpata mtu, kuna anayekimbia, kuna anayepigana, na kuna anayeganda. Mimi huganda. Nafanya kazi zamu ya usiku, mtaa wangu ndio huohuo na kuhama siwezi, kwa hiyo nilitafuta kitu kitakachopiga kelele kwa niaba yangu.

Kitu chenyewe ni king'ora cha mkononi, kidogo kama kidole gumba, plastiki ngumu, kina pete ya funguo upande mmoja na pini upande wa pili. Ninacho mwezi wa 14 sasa. Ukichomoa pini kinalia, na hakinyamazi mpaka pini irudi au betri ziishe. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Mkono unaotetemeka hauwezi kutafuta kitufe, lakini kuvuta unaweza. Simu inataka kufunguliwa kwanza, na simu yenyewe ndiyo wanayoitaka. Filimbi inataka pumzi, na yangu nimeshaeleza ilivyonitoka.

Sasa boksi. Mbele limeandikwa "desibeli 130", yaani kipimo cha ukali wa sauti, kwa herufi kubwa nyekundu. Ligeuze usome herufi ndogo: zimepimwa sentimita 10 kutoka kwenye kifaa. Mnunuzi wa kawaida hafiki huko, na anapaswa kufika. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara 10, sauti hushuka desibeli 20. Maana yake zile 130 za sentimita 10 ni 110 ukiwa mita moja, 90 ukiwa mita 10, na karibu 70 ukiwa mita 100. Hapo hujaweka ukuta, mlango uliofungwa, wala mtu aliyelala na redio imewashwa. Sisemi boksi linadanganya. Nasema kinachoandikwa pale ni kelele inayopigwa sikioni mwako wewe uliyekishika, na kwa umbali huo inaweza kukuumiza masikio. Ukikivuta kiweke mbali na kichwa.

Niliamua kukijaribu kweli, saa tano usiku, kwenye uchochoro uleule. Nilivuta pini nikahesabu hadi 20. Kelele ilikuwa kali mpaka meno yakaniuma. Halafu nikarudisha pini nikasubiri. Hakuna dirisha lililofunguka. Pazia moja ghorofa ya pili lilisogea kidogo, likarudi. Nilirudi ndani nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni, na nakiri nililia.

Kesho yake nilimuuliza jirani wa pazia lile kama alisikia. "Nilisikia, dada," akasema. "Nikajua ni gari la mtu."

Sentensi hiyo ndiyo imenifanya niandike. Kifaa kilifanya kazi yake yote, sauti ikafika hadi kitandani mwa mtu, na haikumwambia chochote. Ving'ora vya magari vimetuzoesha kulala navyo. Juu ya hapo, kila aliyesikia alijua wengine wamesikia. Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio lililokuja kujulikana sana: mtu alimsikia mwenzake wa chumba kingine, kupitia vipokea sauti vya masikioni, akipatwa na kifafa, bila kujua kwamba ni igizo. Walioamini wako peke yao, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31 tu. Nikiifikiria namba hiyo naliona pazia lile.

Lakini mitaani mambo si mabaya hivyo, na hilo pia linastahili kusemwa. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2019 walitazama picha za kamera za barabarani kutoka Amsterdam, Lancaster na Cape Town, ugomvi 219 kwa jumla, na katika kila 10, karibu 9 kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyeingilia kusaidia. Wale waliona kwa macho. Walijua wanachokitazama. Mimi nilichowapa majirani zangu ni mlio tu gizani, usio na jina.

Kwa hiyo nikaupa jina. Jumamosi moja nilibisha hodi milango 11, kuanzia kona hadi kwangu, king'ora mkononi. Niliwaeleza nilichofanyiwa, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu pale mtaani, kisha nikavuta pini kwa sekunde moja tu huku nimekifunika kwa taulo. "Mkisikia huu, ni mimi. Sihitaji mtoke. Washeni taa, fungueni dirisha, niiteni kwa sauti." Wawili hawakufungua mlango. Mmoja alisema hataki kuingia katika mambo ya watu. Wanane waliobaki walikubali, na wanne kati yao wakanieleza yaliyowapata wao. Tumekaa miaka ukuta kwa ukuta na nilikuwa sijui.

Mzee wa mlango wa tatu alinitazama navuta, akasema, "Vuta basi, mwanangu." Nilikuwa nimeshavuta. Ving'ora hivi hulia sauti nyembamba ya juu, kwa sababu sikio la binadamu ni jepesi zaidi kwenye mawimbi ya elfu mbili hadi elfu nne na kitu kwa sekunde, lakini uzee nao huanza kwa kuondoa sauti za juu. Mlango ukiwa umefungwa, mzee hapati kitu. Mjukuu wake anapata. Wamekubaliana kwamba mtoto akisikia amguse begani, na mzee awashe taa ya nje, ambayo ndiyo yenye mwanga mkubwa kuliko zote upande wetu.

Miezi mitano baadaye kikatumika. Nilitoka zamu, nikasikia hatua nyuma yangu zikiongezeka kila nilipoongeza zangu. Nilivuka barabara, akavuka. Pini ilikuwa tayari imeshikwa kidoleni, na hapa nisisitize: kiwe mkononi, kisiwe ndani ya mkoba. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye afya huvuka futi 21, yaani mita 6 na kidogo, kwa sekunde moja na nusu. Pima sekunde moja na nusu halafu uniambie kama unaweza kufungua zipu. Nilivuta, nikakirusha chini ya gari lililoegeshwa, pini nikabaki nayo. Sekunde tatu, nne. Taa ya mzee ikawaka. Dirisha likafunguka, kisha la pili, na sauti ya mwanamke ikaniita kwa jina langu, ikarudia. Yule mtu aligeuka akaondoka kwa mwendo wa kawaida, mikono mfukoni, kama aliyesahau kitu. Sikumwona uso. Inawezekana hakuwa na nia mbaya, na kama ni hivyo namwomba radhi. Nilifika kwangu nikiwa na simu yangu na shingo yangu.

Kukirusha ni jambo muhimu mno na karatasi ya maelekezo hailitaji kabisa. Ukikishika, anaweza kukunyang'anya akakivunja, au akakufuata wewe ili akinyamazishe. Kikiwa chini ya gari au juu ya paa, hana namna ya kukinyamazisha, na kila sekunde anayobaki inamgharimu.

Kasoro ninazo. Pini inalegea. Mara mbili imechomoka yenyewe ndani ya mkoba, mara moja nikiwa kwenye basi lililojaa, na mtoto mchanga aliyekuwa amelala aliamka akilia kwa hofu. Tangu hapo naifunga na mpira mwembamba ambao unakatika ukivutwa kwa nguvu. Pini ikipotea hakuna ya kubadilisha. Kitochi kilichowekwa ubavuni hakina maana, kinamulika kucha. Na betri, hizi ndogo za kitufe, zilianza kuchoka mwezi wa 11 bila dalili yoyote: mlio ulikuwa bado upo ila umefifia, na nisingejua kama nisingekuwa nakijaribu kila mwanzo wa mwezi. Ukibadilisha betri hizo usiache za zamani mezani kama una mtoto mdogo. Akimeza, inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili.

Kuna wakati nisingekivuta. Kisu kikiwa tayari shingoni, toa simu, toa mkoba, toa chochote wanachotaka, usimshtue mwenye kisu. Hiki ni kifaa cha mita 10 kabla. Kama unatarajia kifanye zaidi ya hapo, usinunue.

Wengi huniuliza kuhusu spreyi ya pilipili. Nimeishika, sikuipenda. Kuitumia lazima mtazamane uso kwa uso, na upepo ukirudi kwako unabaki kipofu pamoja naye, yeye akiwa na nguvu kuliko wewe. Pia angalia sheria ya unakoishi. Uingereza, kwa mfano, inahesabiwa silaha iliyopigwa marufuku, na raia akikutwa nayo anashtakiwa.

Wiki iliyopita nimenunua cha pili, cha binti wa jirani yule wa pazia. Ameanza kurudi masomoni giza likiwa limeingia. Nilimfungia kwenye mkanda wa begi, upande wa mkono anaotumia, tukatembea naye njia nzima mchana kweupe. Kila dirisha nililomwonyesha alilitaja jina la mwenye nyumba. Mbele ya milango miwili iliyokataa kufunguka alisimama, akaniuliza na hapa je. Nikamwambia hapa ongeza mwendo. Jumamosi ijayo narudi kubisha tena.