Bati au Unga: Tathmini ya Huduma ya GiveDirectly kwa Kaya Maskini za Siaya

Katika vijiji vya kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, kwa miaka kadhaa fomu ya kuomba msaada ilikuwa paa la nyumba yenyewe. Wafanyakazi wa GiveDirectly, shirika linalowapa maskini fedha moja kwa moja, walipoingia kijijini hawakudai barua ya chifu ya kuthibitisha umaskini, wala hawakuhesabu sufuria zilizomo jikoni. Waliinua macho tu. Nyumba iliyoezekwa kwa nyasi iliandikwa, na iliyoezekwa kwa mabati ikarukwa. Kipimo hicho nakipa alama nzuri kuliko wanavyokipa wengi wanaokicheka, kwa kuwa hakihitaji mtaalamu, kinampunguzia mzee wa kijiji nafasi ya kumpenyeza shemeji yake katika orodha, na kila jirani anaweza kukikagua akiwa njiani kwenda kisimani. Ubaya wake nao u wazi: mjane aliyeachiwa nyumba ya mabati yaliyoshika kutu, asiye na hata kuku uani, alihesabiwa kuwa mwenye nacho.

Shirika hili lilianzishwa na wanauchumi vijana waliosomea Harvard na MIT nchini Marekani, na likaanza kupokea michango ya umma mwaka 2011. Wazo lao lilikuwa jepesi kiasi cha kuonekana la kitoto: badala ya kumnunulia maskini mbuzi, jembe au semina, apewe fedha na aamue mwenyewe. Lililoliwezesha wazo hilo ni M-Pesa, ambayo ilikuwa imeanza nchini Kenya mwaka 2007 na kufika hadi kwenye vibanda vya sokoni. Utaratibu huanza kwa baraza, hufuatwa na sensa ya kaya na usajili, kisha watumishi wengine huja kukagua kilichoandikwa na wenzao kabla ya fedha kutumwa kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mpokeaji. Hakuna masharti na hakuna marejesho. Kwa jicho la mtumiaji wa huduma, ninalolipenda zaidi ni kwamba hakuna foleni ya ofisini ambako mzee husimama tangu alfajiri ili ionekane kwamba yeye ni mhitaji. Ujumbe huingia katika simu, naye huenda kwa wakala siku anayoitaka.

Hata hivyo, anayetaka kujua fedha hizi huifanyia nini kaya hana budi kutazama zinafikaje, kwa mkupuo au kwa matone. Wanauchumi Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, ambaye ni mmoja wa waanzilishi wa shirika lenyewe (na msomaji asilisahau hilo), waliifuatilia huduma hii eneo la Rarieda, hukohuko Siaya, kati ya mwaka 2011 na 2013, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2016. Kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu: nyingine zilipata shilingi 25,200, nyingine 95,200, baadhi zililipwa kwa mkupuo na nyingine kila mwezi kwa miezi tisa. Waliolipwa kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula, ilhali waliolipwa kwa mkupuo walinunua zaidi mali ya kudumu, na mali iliyotajwa kila mahali ni mabati. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda, jambo lililowanyima wasengenyaji wa maskini hoja waliyoizoea.

Asiyewahi kulala chini ya nyasi anaweza kushangaa kwa nini mtu mwenye njaa ananunua paa. Nyasi huoza, hutobolewa na mchwa, na kila baada ya misimu michache ya mvua lazima zibadilishwe; na kwa kuwa mashamba yamekatwa vipande vipande, nyasi nzuri za kuezekea mara nyingi hununuliwa. Kwa hiyo nyumba ya nyasi hutoza kodi isiyokwisha, na mwenye mabati huwa ameilipa kwa mara moja. Isitoshe, bati hukinga maji ya mvua, na binti aliyekuwa akienda mtoni na ndoo hupata nafasi ya kukaa na daftari. Hesabu hiyo kila mwenye nyumba ya nyasi anaijua. Alichokosa ni makumi ya maelfu ya shilingi kwa siku moja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha kaya maskini kina tundu: mtoto anaugua, mazishi yanatokea kwa upande wa mama, unga unaisha tarehe 20. Haba iliyowekwa Januari haifiki Machi.

Jibu la wanakijiji wenyewe kwa tundu hilo lilionekana katika jaribio jingine kubwa la shirika hilohilo. Katika vijiji 44, kila mtu mzima aliahidiwa takriban shilingi 2,250 kwa mwezi kwa miaka 12. Vijiji vingine viliahidiwa kiasi hicho kwa miaka miwili tu, na vingine vikapewa jumla ya miaka hiyo miwili kwa mkupuo. Matokeo ya awali, yaliyotolewa mwaka 2023 na watafiti wakiwamo Abhijit Banerjee na Tavneet Suri, yalionyesha kwamba biashara ziliongezeka zaidi katika vijiji vya mkupuo na katika vile vya miaka 12, huku vijiji vya miaka miwili vikibaki nyuma. Hawa wa miaka 12 waliupataje mtaji, ikiwa nao walipewa matone? Waliyapeleka kwenye chama, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu. Mwenye hakika kwamba mwezi ujao atapokea anaweza kuahidi mchango bila kutetemeka, na zamu yake inapofika hupokea fungu la kununulia cherehani au kufungulia duka. Wataalamu walikuja na kompyuta zao, wakakuta kinamama wamekwisha kuikokotoa hesabu hiyo chini ya mwembe. Wala watu hawakuacha kufanya kazi. Baadhi waliacha vibarua vya watu wakashika shughuli zao wenyewe.

Hapo ndipo huduma hii inapopaswa kulinganishwa na za serikali, ingawa mlinganisho huo hauwi wa haki kabisa. Inua Jamii humpa mzee wa Kenya shilingi 2,000 kwa mwezi, na dhamira yake ni kumtunza kwa siku zake zilizobaki, si kumwezesha kuezeka. Nchini Tanzania, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulio chini ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali), uliozinduliwa mwaka 2012, hulipa kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya ruzuku huambatana na masharti ya shule na kliniki. Katika majaribio yaliyoutangulia huko Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, walengwa walijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, watoto wakavaa viatu, na fedha kidogo zilizosalia zikageuka kuku na mbuzi. Kuku ndiye bati la mtu anayelipwa kwa matone. Ninachoweza kusema ni kwamba mfumo wa matone husimama au huanguka kwa tarehe. Fedha za kila mwezi zikikosa siku yake, mama huenda kukopa dukani, na zinapofika huwa zimekwisha kuliwa.

Kuhusu jirani asiyepokea kitu, nilitarajia habari mbaya, nami nimelazimika kubadili maoni. Kati ya mwaka 2014 na 2017 kaya za nyumba za nyasi katika nusu hivi ya vijiji 653 vya Siaya zilipewa na shirika hili shilingi 87,000 kila moja kwa awamu tatu: 7,000 za kuonjea, kisha 40,000, kisha 40,000 nyingine. Fedha hizo zilikuwa zaidi ya asilimia 15 ya pato la mwaka la eneo hilo, na mtu yeyote aliyewahi kuona bei ya sukari msimu wa sikukuu angetabiri kwamba sokoni kila kitu kingepanda. Bei zilipanda kwa takriban asilimia 0.1. Kinu cha kusaga mahindi kilichokuwa kikikaa bila kazi sehemu ya siku kiliweza kusaga zaidi bila mwenyewe kununua mashine mpya; fundi wa kuezeka aliyekuwa akisubiri kazi aliipata; na kila dola iliyoingia ikazaa takriban dola 2.5 katika uchumi wa eneo lile. Kaya zisizopokea nazo zilitumia zaidi, hasa kwa kuwa malipo ya kazi yaliongezeka.

Hayo hayaondoi wivu. Takwimu za Rarieda zilionyesha kuwa katika vijiji ambako baadhi walipewa na wengine wakaachwa, waliobaki kutazama mabati ya wenzao yaking'aa walipungukiwa na uradhi wa maisha yao. Imani nayo haiji kwa kutumiwa ujumbe wa simu. Huduma ilipovuka kuingia kaunti ya Homa Bay mwaka 2015, karibu asilimia 45 ya walengwa waliikataa, kwa uvumi kwamba fedha zisizodai kitu lazima zina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni shetani. Siwacheki. Katika nchi ambayo kila fadhila huja na daftari la madeni, mtu aliyezoea kutapeliwa hufanya vyema kuuliza. Doa zito zaidi liko kwingine: mwaka 2023 shirika lenyewe lilitangaza kwamba katika mkoa wa Kivu Kusini, nchini Kongo, karibu dola 900,000 ziliibwa kwa njama iliyowahusisha wafanyakazi wake, kupitia laini za simu zilizopaswa kuwa mikononi mwa wapokeaji. Huduma inayosifiwa kwa kuondoa mikono ya kati ilisahau kwamba anayeshika laini ndiye anayeshika fedha. Kujitangaza kwao nakuheshimu, ila alama nazipunguza.

Utafiti wa 2016 haukuona mabadiliko makubwa katika afya na elimu, na kwa muda mrefu hilo lilikuwa pengo ambalo wakosoaji walilishikilia. Mwaka 2025 watafiti waliovifuatilia vile vijiji 653 walitoa hesabu ya zaidi ya watoto 100,000 waliozaliwa katika eneo hilo, na ikaonekana kwamba vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 48 katika kaya zilizopata fedha wakati mtoto akizaliwa. Palipokuwa na kituo cha afya chenye daktari karibu, nafuu ilikuwa kubwa zaidi. Kinamama walipunguza karibu nusu ya kazi zao katika miezi inayozunguka kujifungua; fedha ziliwanunulia pumziko, nauli na siku za kitandani, vitu ambavyo mtazama paa hawezi kuviona. Fedha zilipokoma, vifo vilirudi karibu na pale vilipokuwa.

Kwa hiyo ningeiomba GiveDirectly, ambayo kwa jumla naipa alama nane kwa kumi, iongeze safu moja katika fomu yake ya usajili. Pale msajili anapouliza jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu, amuulize pia mama anatarajia kujifungua mwezi gani, na zile 40,000 za kwanza zimfikie kabla ya mwezi huo.